Nilifunga Kiti, Sikumfunga Mama Mkwe

Jumatano, jua ndiyo kwanza linazama. Ngokolo, Shinyanga.

Joto la leo halina adabu. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na mvua tunayoisubiri haina habari na sisi. Nina hasira. Nasema mapema ili anayetafuta maneno ya kutia moyo apite, aje siku nyingine.

Mama mkwe wangu amevunjika mkono. Amevunjika akiwa kwenye gari langu, nikiendesha mimi. Na mimi, kwa wale wanaosoma ukurasa huu mara ya kwanza, ni mwalimu wa fizikia.

Wiki iliyopita tu nilikuwa mbele ya kidato cha pili nikifundisha inesha, ule ukaidi wa vitu vyote duniani. Kilichotulia hutaka kubaki kimetulia. Kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda, kwa mwendo uleule na mstari uleule, mpaka nguvu ya nje ikiguse. Niliwapigia mpini wa jembe sakafuni, kichwa cha jembe kikazama na kukaza. Niliwatoa nje tukapiga mkeka kwa fimbo, mkeka ukaruka na vumbi likabaki hewani. Walicheka, walielewa, nikajisifu kimoyomoyo. Mganga hajigangi.

Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa muda mrefu ameona dunia nusunusu, na mwaka huu hata hiyo nusu imekwisha; anamtambua kuku kwa sauti na mtu kwa hatua. Mke wangu, Mama Kulwa, amembembeleza mpaka amechoka. Jibu lilikuwa lilelile, kwamba macho ni ya Mungu na safari ni ndefu. Sasa madaktari wa macho wamekuja mjini wiki hii, wanapasua na kuondoka. Safari hii alikubali, sijui kwa sababu gani, na upasuaji wake umepangwa kesho. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kumfikisha.

Mama Kulwa alikuwa kazini, ameomba ruhusa ya kesho na kesho kutwa, hakuweza kuomba na ya leo. Akanishauri tumlipe jirani yetu Baba Zuhura aendeshe. Nikakataa. Nikasema pikapu ninaijua mwenyewe, itikisavyo na ipumuavyo, na nitakwenda polepole. Haya maneno nilimwambia asubuhi nikiwa nimeshika ufunguo.

Kijiji chao kiko ng'ambo ya Mwadui, unaacha lami na kuingia njia ya ng'ombe. Nilifika jua halijawa kali. Mama alikuwa tayari, amevaa kitenge kipya na kingine amejitanda kichwani, amekaa kwa kuupa mgongo upande niliokuja. Nilisimama mbali, nikachuchumaa, nikaamkia nikiwa natazama chini. "Shikamoo mama." Akaitika marahaba kwa sauti ndogo, akielekea ukutani.

Wasomaji wangu wa mbali mtaniuliza kuna ugomvi gani. Hakuna ugomvi. Kwa wazee wa Kisukuma hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Nimeoa miaka mingi, nina mapacha wanaosoma, na huyu mama hajawahi kunitazama usoni. Mimi vilevile. Nimezaliwa mjini lakini mama yangu alinilea hivyohivyo, na sijawahi kuona tatizo lake mpaka leo.

Nikafungua mlango wa mbele wa pikapu. Baba mdogo wa mke wangu, ndiye anayesimamia mji ule, alinitazama kama nimefungua kaburi.

"Akae hapo na nani?" akaniuliza.

"Na mimi ninayeendesha, baba. Kuna mkanda."

"Na wewe ndiye mkwe wake."

"Ndiyo, baba."

"Sasa?"

Nikaeleza ajali, nikaeleza breki, nikaeleza mtu wa nyuma ya pikapu anavyorushwa gari likisimama ghafla. Nilieleza vizuri, kwa Kisukuma, na mkaguzi wa elimu angenipa alama zote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwita msichana wa kazi alete kiti cha plastiki. Mama alikwishaanza kupapasa ukingo wa bodi akitafuta pa kukanyaga.

Sikutaka kurudi mikono mitupu. Ningekataa, asingekwenda, na macho yangengoja mwaka mwingine. Kwa hiyo nikatumia elimu. Nilikiweka kiti mgongo wake ukigusana na kebini, ili yeye atazame nyuma tunakotoka. Nikishika breki, mwili wake utaendelea mbele kama ulivyokuwa ukienda, lakini utakutana na mgongo wa kiti, na kiti kitakutana na kebini, basi, hakuna mahali pa kurukia. Hata mila ilifurahi, maana tungepeana migongo. Kiti nikakifunga kwa mipira ya kufungia mizigo, nikakivuta, hakikutikisika. Miguuni pake tukaegemeza gunia la mchele na kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya wajukuu. Baba mdogo akamwonyesha bomba la pembeni la kushika. Akalishika.

Nilijiona fundi.

Tukaenda. Niliendesha polepole hata baiskeli zikatupita. Kila shimo nilililainisha, kila breki niliigusa kwa ncha ya kiatu. Tulipofika lami nikaanza kupumua. Mbele kidogo kundi la ng'ombe likaanza kuvuka barabara, wale wa pembe ndefu wasio na haraka na mtu, na mimi nikapunguza, nikapunguza, gari likasimama bila hata kichwa chake kugusa kioo. Niliona kwenye kioo cha ndani. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo fizikia.

Nikasogeza kile kidirisha cha nyuma ya kebini, nikageuza shingo na kuuliza, "Mama, uko salama?"

Ng'ombe wa mwisho alikuwa amevuka. Nyuma yetu lori likapiga honi. Honi ile ndefu, ya matusi. Mimi bado shingo imegeuka, nikaachia klachi, na pikapu yangu kwa uzee wake huwa hainyanyuki kistaarabu. Ikaruka.

Kiti kilikwenda na gari, nilikifunga vizuri mno. Mama hakufungwa popote. Alikuwa ametulia, akataka kubaki ametulia, gari likaondoka chini yake. Alianguka kifudifudi juu ya gunia la mchele na kutanguliza mkono.

Nusu ya kwanza ya sheria! Nimeiandika ubaoni sijui mara ngapi. Kilichotulia hubaki kimetulia. Lakini ukisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu mifano yao yote ni ya breki, abiria anarushwa mbele, mzigo unarushwa mbele, na wameitoa kwangu. Siku nzima nililinda kusimama. Kuondoka sikukufikiria hata kidogo.

Nilishuka mbio na nikafika kwenye bodi, na hapo nikasimama.

Niseme ukweli. Mwanamke mzima, mama wa mke wangu, amelala juu ya gunia akiugulia, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na mimi nimesimama nimeshika ukingo wa bodi mikono miwili, siwezi kumgusa. Si kwamba nilifikiri nikaamua. Mikono haikwenda. Nilikuwa nasema "pole mama, pole mama" huku natazama chini, naye kwa mkono mzima anahangaika kujifunika kichwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza matikiti kando ya barabara ndiye aliyepanda akamwinua. Alinitazama kwa dharau ambayo nilistahili.

Kituo cha afya cha njiani hakikuwa mbali, akamshikilia mama mpaka tukafika. Daktari wa zamu alikuwa kijana, kwa lafudhi ni mtu wa Tanga, mpole, peke yake. Muuguzi alikuwa na mzazi chumba cha pili. Akasema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika na kusogea, atachoma ganzi, kisha lazima uvutwe urudi mahali pake kabla ya kufunga hogo, ile plasta ngumu.

"Mimi nitavuta huku kwenye vidole," akasema. "Wewe mwalimu shika hapa juu ya kiwiko, vuta kwako. Usipovuta kwako tutamwangusha kutoka kitandani."

Nikamwambia huyu ni mama mkwe wangu.

"Basi ni mama."

"Daktari, kwetu hashikwi."

Alidhani natania. Nikamwomba amwite muuguzi, tukasikia kilio cha mzazi ng'ambo ya ukuta, hata mimi nikaona aibu kuendelea kuomba. Yule muuza matikiti alikwisharudi kwenye biashara yake. Mkono ulikuwa unavimba. Mama alikuwa amelala ameelekea ukuta, na bila kugeuka akasema kwa Kisukuma, neno la kwanza aliloniambia moja kwa moja tangu nioe, ukiacha marahaba, "Shika."

Nilimshika. Mkono mwembamba, wa moto. Daktari akavuta kwake, mimi nikavuta kwangu, nguvu mbili zimekabiliana na mwili wa mama katikati haukwenda popote, kama kitabu kinavyosema. Kitabu hakisemi kuhusu sauti. Alilia "mayu," anamwita mama yake aliyekwishakufa, mara moja, kisha akanyamaza mpaka mwisho. Hogo lilipokauka alisema "wabeja," asante. Sijui alimwambia daktari au mimi.

Tumefika nyumbani alasiri. Nilikodi gari dogo, nikamkalisha nyuma na dereva mgeni mbele, nami nikafuata na pikapu na gunia la mchele. Ndiyo, ningeweza kufanya hivyo tangu asubuhi. Msiniandikie kwenye maoni, najua.

Daktari alisema mkono hauzuii upasuaji wa macho mradi presha ikae sawa. Nikamweleza mke wangu hivyo kama mtu anayeleta habari njema. Alinisikiliza akiwa amemkalisha mama chumba cha watoto, akaingia, akamwogesha, akampa uji. Alipotoka uani alikuwa amenuna.

"Anasema kesho haendi. Anataka kurudi kwao."

"Kwa sababu ya mkono?"

"Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Ndivyo alivyosema."

Halafu akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mama alikuwa ameshika lile bomba njia nzima. Hakuliachia kwenye mashimo, hakuliachia ng'ombe walipovuka. Aliliachia mara moja tu, nilipofungua kidirisha na sauti yangu ikamtokea sikioni. Haoni, hakujua niko karibu kiasi gani wala natazama wapi. Alichojua ni kwamba mkwe amegeuka. Kwa hiyo akaachia bomba ili avute kitenge ajifunike.

Nilimuuliza kama yuko salama, na swali lenyewe ndilo lililomwangusha.

Nimekasirika leo mpaka nimekosa wa kumkasirikia. Nimemkasirikia dereva wa lori. Nimemkasirikia baba mdogo na kiti chake cha plastiki. Nimeikasirikia mila, halafu nikakumbuka kwamba pale barabarani mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyogoma kumwinua, bila mzee yeyote kuniamrisha. Darasani huwa nasema kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo kinavyohitaji nguvu kubwa kukiondoa kilipo. Nasema hivyo kwa urahisi sana, chaki mkononi.

Na kilichoniuma zaidi ni sababu ya kukataa. Mkono hauhusiki. Alimwambia binti yake, "Nimeshikwa na mkwe. Nimelia mbele ya mkwe. Macho ya nini tena, nimtazame nani?"

Madaktari wanaondoka Jumamosi. Asipokwenda kesho, ndiyo basi, na mimi ndiye nitakuwa sababu.

Nikaketi kibarazani. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, pazia la chumba cha watoto limeshushwa, Mama Kulwa amesimama katikati. Hivyo ndivyo tunavyozungumza na mama siku zote. Anasikia kila ninachosema na mimi nasikia kila anachojibu, lakini maneno lazima yapite kwa mke wangu kama mizigo inayopita kituo cha ukaguzi.

"Mwambie mama naomba radhi."

"Mama, anaomba radhi."

"Mwambie nimesikia," ikasema sauti nyuma ya pazia.

"Amesikia."

"Na mimi nimesikia kwamba amesikia," nikasema, sauti ikapanda kidogo. "Mwambie kesho aende. Mwambie asiyaadhibu macho kwa kosa la klachi."

Mama Kulwa akaanza kuyapitisha, akaishia kwenye klachi. Kisha mama akajibu, "Mwambie sina neno naye. Anipandishe gari la kwetu kesho asubuhi."

Hapo uvumilivu ukakatika. Sikumngoja mke wangu. Nilisimama nikaongea na pazia moja kwa moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nyumbani kwetu.

"Mama, nilifumba macho."

Mke wangu akageuka akanitazama.

"Pale kwa daktari. Tangu nilipokushika mpaka aliposema tayari, nilifumba macho. Sikukuona ukilia. Mkono niliushika kwa sababu ulisema nishike, lakini kuona sikuona. Heshima yako iko palepale."

Na ni kweli. Daktari alinigombeza, alisema nafanya nini, ni mtu mzima au mtoto wa sindano. Sikufumba ili nije kulisema baadaye. Nilifumba kwa sababu kope ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumfunikia.

Nyuma ya pazia nilisikia kiti kikisogea.

Kisha sauti ikaja, ndogo, ikimwelekea binti yake, utaratibu umerudi. "Muulize, alifumba yote mawili?"

"Mama anauliza, ulifumba yote mawili?"

"Yote mawili."

"Anasema yote mawili, mama."

Mke wangu aliniangalia kwa sura ambayo sikuijua kama ni ya kucheka au kulia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mwambie nitakwenda," akasema mama. "Lakini yeye asiingie ndani. Siku wanayofungua kitambaa, wa kwanza nitakayemwona uwe wewe."

Nikasema sawa. Ni haki yake. Mimi nimeng'ang'ania ufunguo, nimeendesha, nimevunja, nimeshika, na nitasubiri nje getini na wauza karanga. Sawa.

"Na mwambie," akaendelea, "hapo nje asimame mahali penye jua. Avae shati jeupe. Watu watakuwa wengi, na mimi nitataka kujua yupi ndiye."

Mama Kulwa hakuyapitisha hayo. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda jikoni.

Basi ndiyo hivyo. Kesho anapasuliwa, Baba Zuhura ataendesha, ameshakubali. Kesho kutwa wanafungua. Shati jeupe ninalo moja, lina doa la wino mfukoni, nimeliloweka kwenye beseni na umeme umekatika kwa hiyo hata pasi sina. Nimelikasirikia doa hilo kuliko mambo yote ya leo. Mke wangu amepita akaniuliza kwa nini nasugua shati kama nalipigania, nikaongeza sabuni.

Miaka yote ya ndoa nimejifunza kumpitia mbali mama yule huku natazama vidole vya miguu yangu. Sijui kufanya vingine. Ijumaa atatoka kwenye mlango wa hospitali akiwa na macho mapya, atanitafuta juani katikati ya watu, mara moja tu, kwa mbali.

Niinue uso, au niinamishe?